Tuwaache Madume Wakubwa Mwambani

Zipo fleti hapa Huangpu, mashariki mwa jiji la Guangzhou, ambazo sebule nzima imepangwa kulizunguka tangi moja la maji ya bahari: matumbawe hai, taa za buluu, pampu zinazovuma usiku kucha, na ndani yake samaki wasiozidi urefu wa kidole. Wenye matangi hayo wanaipenda shughuli yao kwa dhati. Wanapima chumvi ya maji kabla ya kunywa chai ya asubuhi, na wanawajua kwa majina ya Kilatini samaki ambao kwetu pwani tunawaita wote kitatange na kupita. Mimi pia nafuga, kwa hiyo sisemi kama mtu wa nje. Nasema hivi: biashara ya samaki hai wa mapambo kutoka pwani ya Afrika Mashariki inaweza kuendelea bila kuumaliza mwamba, ila si kwa mtindo huu tunaoutumia kununua samaki adimu. Fedha nyingi zaidi tunazitoa kwa dume mkubwa aliyekamilika rangi, na huyo ndiye samaki ambaye mwamba unamhitaji kuliko wote. Mnunuzi akibadili anachokitaka, mzamiaji wa Shimoni au Kanamai, kwenye pwani ya Kenya, atabadili anachokikamata ndani ya msimu mmoja. Sheria haiwezi kufika kwa kasi hiyo.

Huangpu ni mahali panapostahili kulisemea jambo hili. Hekalu la mungu wa Bahari ya Kusini limekuwapo hapa tangu mwaka 594, na mabaharia waliokuwa wakitoka kwenda mbali walipitia kuomba salama. Katika karne ya 18 na ya 19, meli za Ulaya na Marekani zilizokuja kununua chai zilitia nanga Huangpu, na bidhaa zikapelekwa Guangzhou kwa mashua. Wakati huo John Reeves, mkaguzi wa chai wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki aliyefika China mwaka 1812, aliwaajiri wachoraji wa Kichina wawachore samaki wa sokoni wangali wabichi. Michoro ile ilimwezesha John Richardson kutangaza aina kadhaa mpya mwaka 1846 bila kuwa na samaki wenyewe mkononi. Rangi ya samaki wa mwambani hufifia mara tu anapokufa. Ndiyo maana Reeves alihitaji mchoraji, na ndiyo maana leo mtu wa Huangpu anamtaka samaki wake akiwa hai, hata kama itabidi aletwe kwa ndege kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Samaki huwa adimu dukani kwa sababu zisizofanana, na wauzaji huzichanganya zote katika bei moja. Yuko anayekosekana kwa kuwa anaishi kina ambacho mzamiaji wa kawaida hafiki. Mfano unaojulikana sana ni Paracentropyge boylei wa Rarotonga, mwenye mistari myekundu na myeupe, aliyetangazwa mwaka 1992. Bei yake imekuwa ikitajwa kufikia makumi ya maelfu ya dola, na huko chini anakoishi huenda hana uhaba wowote. Kinachouzwa hapo ni hatari aliyoibeba mzamiaji. Yuko mwingine anayekosekana kwa kuwa dunia nzima anaishi mahali pamoja padogo. Pterapogon kauderni wa visiwa vya Banggai, Indonesia, alielezwa mwaka 1933 akasahaulika, hadi Gerald Allen alipomrudisha machoni pa watu katikati ya miaka ya 1990. Baada ya hapo wakawa wanavuliwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka, wakiuzwa kwa bei ya chini kabisa, na kufikia mwaka 2007 aliwekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Bei haikumlinda hata kidogo. Alikuwa rahisi dukani huku akiisha baharini, na yule wa Rarotonga ni ghali dukani ilhali baharini pengine hana shida.

Kwetu tunao wa kina kirefu, na tunao wanaofikiwa kwa urahisi. Mwezi Julai 2019, watafiti walioongozwa na Yi-Kai Tea wa Chuo Kikuu cha Sydney, pamoja na wenzao wa California Academy of Sciences, walitangaza katika jarida la ZooKeys samaki mpya kutoka miamba ya kina ya Zanzibar, wakamwita Cirrhilabrus wakanda, kwa jina la nchi ya kubuni ya filamu ya Black Panther. Ni mdogo wa kukaa kiganjani, na anaishi kwenye miamba isiyofikiwa na mwanga mwingi, mita 50 na zaidi chini ya maji. Magamba yake yana zambarau nzito ambayo, kinyume na desturi ya jamii yake, haifutiki hata akihifadhiwa katika spiriti. Tangu siku ile jina lake likawa linatajwa na kila mfugaji anayekusanya samaki wa jamii ya Cirrhilabrus, kuanzia Marekani hadi hapa Guangdong. Kuna pia Centropyge acanthops, mwenye mgongo wa rangi ya chungwa na mwili wa buluu, asiyezidi sentimita nane, ambaye makao yake ni pwani ya mashariki ya Afrika. Na Halichoeres iridis, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, anayepatikana upande wetu wa Bahari ya Hindi. Hawa si wa kina kirefu sana. Wanafikiwa na mzamiaji mwenye mtungi mmoja na wavu wa mkono, na ndio wanaojaza masanduku yanayopita uwanja wa ndege wa Mombasa au Nairobi.

Sasa tuone nyumba zao zinavyoendeshwa, maana hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Samaki wengi wa jamii hizi huishi dume mmoja na majike kadhaa, na kwa kawaida huanza maisha wakiwa majike. Jike mkubwa kuliko wenzake hugeuka dume pale nafasi inapobaki wazi. Jioni, jua likiwa limebaki kiganja kimoja juu ya upeo, dume wa Cirrhilabrus hupanda juu ya kifusi cha matumbawe, husimamisha mapezi yote, na mistari ya ubavuni mwake huwaka ghafla kwa buluu inayong'aa kama waya wa taa. Hupita hivyo mbele ya jike mmoja, kisha mwingine. Atakayekubali hupanda naye juu kwa mwendo wa mshale, mayai na manii vinaachiwa majini kwa mpigo mmoja, na wote wawili hurudi chini kabla adui hajawaona. Dume hufanya hivyo na majike kadhaa kwa jioni moja. Mapezi yale marefu na ule mwako wa rangi, vitu viwili tunavyovilipia, ndivyo zana zake za uzazi.

Mtu akimwondoa dume huyo, mwamba hauonekani kupungukiwa na kitu. Samaki mmoja kati ya kumi ameondoka, tisa wapo. Watetezi wa biashara huishia hapo: jike mkubwa atachukua nafasi, mambo yataendelea. Ni kweli atachukua. Mwaka 1972 D. R. Robertson alionyesha kwamba kwa Labroides dimidiatus, yule samaki mdogo mwenye mstari mweusi anayesafisha wenzake, jike mkubwa huanza kujiendesha kidume saa chache tu baada ya dume kutoweka. Lakini kutoa manii kulihitaji wiki mbili na zaidi. Katika muda huo jamaa nzima haizai. Na dume mpya ametoka wapi? Alikuwa jike, tena yule aliyekuwa akitoa mayai mengi kuliko wote, kwa kuwa kwa samaki ukubwa wa mwili ndio wingi wa mayai. Kwa hiyo kila dume anayeondolewa ameondoka na jike mmoja. Mzamiaji akirudi mwezi ujao kumchukua huyu mpya, ambaye naye sasa ana rangi nzuri, jike wa pili anageuka. Akirudi mara ya tatu anakuta madume wadogo, wenye rangi isiyokomaa, na majike waliobaki ni wachanga. Hapo mnunuzi wa Huangpu analalamika kwamba samaki wa Afrika wameshuka ubora, na msafirishaji anamwambia mzamiaji aende mbali zaidi au ashuke chini zaidi.

Kwa samaki wa tumbawe-ua, wale wanaojificha ndani ya mikono yenye sumu ya kiumbe kile, mambo yamegeuzwa. Amphiprion allardi, wa pwani yetu, aliyeelezwa na Wolfgang Klausewitz mwaka 1970, huanza akiwa dume, na mkubwa wa nyumba ni jike. Makao yao hayahamishiki: wawili wanaozaa na vijana wachache chini yao. Anayechukua wale wawili wakubwa kwa sababu wanauzwa kama mke na mume amefunga uzazi wa mahali pale kwa miezi mingi. Akichukua pamoja na tumbawe-ua lenyewe, hata samaki mchanga atakayeletwa na mkondo hatakuwa na pa kushukia. Joto la mwaka 1998 lilipopausha matumbawe ya pwani yetu, viumbe hawa nao walipauka, na kurudi kwao ni kwa polepole mno.

Kuna jambo la majira ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Wakati wa kusi bahari inachafuka, maji yanakuwa na tope, na uzamiaji unapungua. Kaskazi ikiingia, maji yanatulia na kuwa angavu, na kazi ya kukamata samaki wa mapambo inashika kasi. Samaki wengi wa mwambani katika pwani yetu huzaa zaidi katika kipindi hicho hicho cha kaskazi. Yaani msimu wa wavu umeangukia juu ya msimu wa uzazi, na katika msimu huo wavu unachagua wazazi.

Nimekaa na wazamiaji wa kusini ya Mombasa nikawasikiliza. Mwenye vifaa, mwenye leseni na mwenye wanunuzi wote ni mtu mmoja, wanamwita tajiri. Tajiri hupokea oda kutoka nje: kadhaa wa aina hii, wawili wa aina ile, madume tu. Mzamiaji hulipwa kwa kila samaki aliyepokelewa, na aliyekufa ndani ya ndoo ni hasara yake mzamiaji. Kwa hiyo hatari ya kwanza yote iko kwake. Samaki wa mita 20 anabeba hewa ndani ya kibofu chake iliyobanwa mara tatu kuliko juu. Wa mita 50, mara sita. Akipandishwa upesi, kibofu kinafura na kusukuma utumbo nje. Njia salama ni kumpandisha kwa vituo, muda mrefu, na wengine hutoa hewa hiyo kwa sindano. Mwili wa mzamiaji nao unafuata kanuni ile ile, ila kwake viputo vya naitrojeni huingia viungoni na kwenye uti wa mgongo. Katika pwani yetu wapo vijana wanaotembea kwa fimbo kwa sababu ya kushuka mara nyingi kwa siku bila saa ya kupimia kina. Oda inayosema "dume mmoja wa kina" imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kumwona kijana huyo.

Kisha kuna safari. Samaki huachishwa chakula siku moja au mbili ili asichafue maji, akatiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mifuko ikapangwa katika boksi la povu, boksi likapanda ndege, moja kwa moja au kwa kupitia Hong Kong. Mfugaji anapoupokea mfuko huo hufanya kosa moja la kawaida sana ambalo linawaua samaki waliookoka kila kitu kingine. Ndani ya mfuko samaki amekuwa akipumua kwa saa nyingi. Kaboni dioksidi imejaa na kuyafanya maji yawe na tindikali, pH ikishuka kutoka 8 na kidogo hadi karibu na 7 au chini yake. Amonia aliyoitoa imekusanyika pia, lakini katika maji ya tindikali amonia hukaa katika hali isiyo na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, na kila ikipanda kwa moja sehemu ya amonia yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Mfugaji mwenye huruma anaufungua mfuko, anaanza kudondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili ili samaki azoee taratibu, na kwa saa mbili hizo samaki anaungua mashavu ndani ya maji yake mwenyewe. Mfuko uliotoka safari ndefu unasawazishwa joto ukiwa umefungwa. Ukifunguliwa, samaki anahamishwa upesi kwenda maji safi ambayo chumvi yake imeshalinganishwa na ya mfuko. Samaki akifa siku ya tatu, kitabu cha mfugaji kinaandika ugonjwa. Oda nyingine inakwenda Mombasa.

Hoja ya kwanza ninayopingwa nayo ni kwamba bahari ni kubwa na samaki wadogo hawaishi. Takwimu za Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa za mwaka 2003 zilikadiria samaki wa bahari milioni 20 hadi 24 wanaouzwa kila mwaka kwa ajili ya matangi, wa aina 1,471. Ukilinganisha na wanaovuliwa kwa chakula ni wachache sana, na nakubali. Ila wavuvi wa chakula hawachagui, na wavuvi wa matangi wanachagua. Chukua tena yule msafishaji, Labroides dimidiatus, ambaye yumo katika samaki wanaouzwa sana duniani. Watafiti wa Australia, akiwemo Alexandra Grutter, waliwaondoa wasafishaji hao katika vipande vya mwamba wa kisiwa cha Lizard na kuvilinganisha na vipande walikobaki. Baada ya miaka minane na nusu, vipande visivyo na msafishaji vilikuwa na samaki wakaazi pungufu kwa asilimia 37, na aina zao pungufu kwa asilimia 23. Samaki wenyewe waliokosekana walikuwa wachache sana kwa hesabu. Kwenye tangi, msafishaji huyo mara nyingi hudhoofika kwa kukosa vimelea vya kutosha vya kula. Huyu hatakiwi kuuzwa kabisa, na nashangaa bado yumo kwenye orodha za bei.

Wengine husema lawama zote ni za Wachina. Si kweli, na wanaosema hivyo wanajipa mahali pa kujificha. Kwa miongo mingi mnunuzi mkubwa wa samaki hawa amekuwa Marekani. Katika mwaka mmoja kati ya 2004 na 2005 iliingiza zaidi ya milioni 11. Ulaya na Japani zilinunua kutoka Kenya kabla soko la hapa halijakua. Linalotuhusu wakazi wa Huangpu ni kwamba soko letu linakua sasa, na tabia zake ndizo zinazojengwa sasa. China ilipoifanyia marekebisho orodha yake ya viumbe wanaolindwa mwaka 2021, iliweka humo matumbawe magumu na farasi wa bahari wa porini. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, nao unawasimamia farasi wa bahari tangu 2004. Wafugaji wenzangu huchukulia kwamba asiye kwenye orodha hana tatizo. Cirrhilabrus wa aina yoyote hayumo katika mkataba wa CITES. Hiyo ina maana moja tu, kwamba hakuna karatasi ya mkataba inayomfuata akivuka mpaka.

Upo pia wito wa kupiga marufuku biashara yote. Nauelewa, hasa ukitoka kwa watu walioona miamba yao ikikombwa. Wazee wa Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, walichoka kuona samaki na matumbawe yakichukuliwa ovyo, na mwaka 2005 wakatenga hekta 30 za bahari yao, wakaliita eneo hilo tengefu. Walifanya sawa. Lakini marufuku ya nchi nzima inamwacha mzamiaji na juya au bunduki ya mishale, na hivyo vyote vinaumiza mwamba kuliko wavu wa mkono. Ripoti ile ya 2003 ilieleza kuwa kilo moja ya samaki wa mapambo wa Maldivi mwaka 2000 ilikuwa na thamani ya karibu dola 500, na kilo ya samaki wa kula wa mwambani dola 6. Mtu anayeweza kupata riziki kwa kilo moja hana haja ya kuvua themanini. Wavuvi wetu wana sifa nyingine nzuri: hawakujengewa mazoea ya sianidi, sumu iliyoanza kutumika Ufilipino miaka ya 1960 na kuua miamba mingi ya Asia. Kuifunga biashara inayotumia wavu ni kuwapa soko wanaotumia sumu.

Na wapo wanaosema tuzalishe wote kwenye matangi, mjadala uishe. Kwa samaki wa tumbawe-ua jambo hilo limefanyika kwa miongo, kwa sababu mayai yao hubandikwa juu ya jiwe na vifaranga wao huanguliwa wakiwa na mdomo wa kutosha kula. Cirrhilabrus na Centropyge hutoa mayai yanayoelea; kifaranga ana milimita mbili hivi, mdomo wake ni mdogo kuliko vyakula vingi tunavyoweza kumpa, na hukaa majini wiki kadhaa kabla ya kuwa samaki. Maendeleo yapo: kangaja wa manjano wa Hawaii alizalishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, kangaja wa buluu mwaka 2016, na uvuvi wa matangi ulipozuiwa na mahakama Hawaii mwaka 2017, waliozalishwa walikuja baadaye kuziba sehemu ya pengo. Nayaunga mkono kwa samaki wenye eneo dogo, kama yule wa Banggai. Kwa samaki wa kwetu nina sharti moja. Wazazi wakichukuliwa Zanzibar na vifaranga wakauzwa Guangdong, Zanzibar haibaki na senti, na mwamba usiomlipa mtu hauna mlinzi. Kituo cha kuzalishia kijengwe Mombasa, Tanga au Unguja, karibu na maji wanayoyajua samaki wenyewe.

Basi kifanyike nini? Kwa upande wa nyumbani, leseni za ukusanyaji ziandike ukubwa wa samaki, si idadi peke yake: kila aina iwe na kipimo cha chini na cha juu, na mwenye kuzidi kipimo cha juu arudishwe majini hapo hapo, kabla ya kupandishwa. Ni kazi ya mzamiaji na inawezekana, kwa sababu anamwona samaki kabla ya kumtia wavuni. Wale wawili wakubwa wa kila tumbawe-ua wasiguswe. Msafishaji aondolewe kwenye leseni. Uzamiaji wa zaidi ya mita 30 kwa ajili ya oda usiruhusiwe bila vifaa kamili na bima iliyolipwa na tajiri. Kila BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao, ipewe haki ya kufunga kipande cha mwamba wake katika miezi ya kaskazi, na maofisa wa uvuvi na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wasaidie kuchagua kipande gani. Kuruwitu wameonyesha kuwa watu wa pwani wakiachiwa wanaweza kulinda mahali pao bila kungoja boti ya serikali.

Kwa upande wa soko, boksi lije na karatasi yenye jina la Kilatini, diko alikotolewa samaki, kina, tarehe na njia ya kumkamata. Siyo jambo gumu. Wauza samaki wa kula wa madaraja ya juu wanafanya hivyo kila siku. Mzamiaji alipwe bei yake samaki anapopokelewa akiwa mzima, na vifo vya ndege viwe vya wenye kufunga mifuko, maana hao ndio wenye uwezo wa kuvipunguza. Bei itapanda. Ipande tu, kwa sababu bei ya sasa imepunguzwa kwa gharama ya mgongo wa kijana wa Shimoni.

Na kwa wewe unayefuga, iwe tangi lako liko Huangpu, Dubai au London: nunua vijana, nunua majike. Majike watatu wadogo wa Cirrhilabrus ukiwaweka pamoja katika tangi lenye nafasi na kifuniko, maana wanaruka, mmoja wao ana nafasi nzuri ya kugeuka dume mbele ya macho yako katika miezi michache. Utaziona rangi zikipanda siku hadi siku, jambo ambalo anayenunua dume mzima halioni kamwe, na samaki aliyekulia tangini anakula vizuri na kuishi zaidi ya yule aliyetolewa katika utawala wake. Muuzaji akikutumia picha ya dume mkubwa aliyefika leo, mwulize ametoka diko gani na kina gani. Akishindwa kukujibu, usilipe.